Kura ya kufunga swali: ukibadili mawazo, uitengue au uiache?

Mizani: Wadau, Stack Overflow, tovuti ya maswali na majibu ya waandishi wa programu, hufunga swali (lisipokee majibu mapya) kura 3 zikitimia, kabla ya 2019 zilihitajika 5. Kabla hazijatimia unaweza kuondoa yako, ila ukishaiondoa huwezi kupiga tena kura ya kulifunga swali hilohilo. Naona huo ni ukali. Muulizaji akirekebisha swali, ukaondoa kura, kisha akaliharibu upya, wewe umebaki mtazamaji.

Kokwa: Mkuu, ukiruhusu kupiga na kuondoa bila kikomo, kura inageuka fimbo: "rekebisha hiki nikuondolee, la sivyo nairudisha." Na anayejua ana nafasi moja tu ya kutengua husoma swali lote kwanza.

Mizani: Au haondoi kabisa, akiogopa kuipoteza nafasi hiyo. Kura iliyopigwa dhidi ya toleo la kwanza inaendelea kuhesabiwa dhidi ya toleo la tatu, maana kuhariri hakufuti kura za kufunga. Wa tatu anapita, anakuta mbili tayari, anamalizia. Hapo kutengua hakupo tena. Zinahitajika kura nyingine 3 za kulifungua.

Nukta: Dawa ipo palepale. Kura ya kupandisha au kushusha chapisho hujifunga baada ya dakika 5, na hufunguka chapisho likihaririwa. Yaani kinachokupa haki ya kugeuka ni mabadiliko ya maandishi, si hasira kupoa. Kanuni hiyo ihamishiwe kwenye kura za kufunga: swali likihaririwa, aliyetengua apige tena.

Kokwa: Basi muulizaji aongeze nukta moja tu, mlango ufunguke?

Nukta: Hilo lipo, sibishi.

Shubaka: Tazameni Wikipedia ya Kiingereza. Mjadala wa kufuta makala kwa kawaida huenda siku 7, na ukibadili msimamo hufuti ulichoandika. Unakikata kwa mstari ukitumia alama za `<s>` na `</s>`, unaandika msimamo mpya chini yake pamoja na sababu, unatia saini. Ukifuta, waliokujibu wanabaki wanajibu hewa. Kosa la kila siku ni kuandika msimamo wa pili kwa herufi nzito bila kuukata wa kwanza, ikaonekana umepiga mara mbili. Na aliyependekeza ufutaji akijitoa wakati mtu mwingine ameshaunga mkono kufuta, mjadala haufungwi kwa sababu hiyo pekee.

Mizani: Kule anayefunga hupima hoja. Huku mashine inahesabu hadi 3, na mashine haisomi mstari uliokatwa.