Forugh anaposema "sabz": kijani au kuchipua?

Mfasiri_Pangani
Habari za jioni, wapenzi wa ushairi. Wiki ya pili hii nimekwama kwenye mstari mmoja wa Forugh Farrokhzad, mshairi wa Iran aliyeandika kwa Kiajemi, katika shairi lake "Tavallodi Digar" (Kuzaliwa Kwingine) la mwaka 1964. Anaipanda mikono yake bustanini, kisha anasema: *sabz khaham shod*. Nimeandika "nitakuwa kijani", nikafuta. Anaonekana mtu aliyepakwa rangi. Nisaidieni.

Jahazi77
Ulivyofuta umefanya vyema. Mwalimu wangu wa Kiajemi alikuwa akiotesha ngano kwenye sahani kila Nowruz, mwaka mpya wa Kiajemi, ikikaribia. Siku mbegu zilipoinua vichwa, alituita tuone: *sabz shod!* Zimeota. Kwao kuota na kuwa kijani ni kitenzi kimoja. Kijani chetu nacho kimetoka kwenye jani, ila siku hizi tunasikia rangi tu. Weka "nitachipua". Na "najua" usiipunguze, Forugh kaisema mara tatu.

Mama Nassor
Wanangu, mkiweka "nitachipua" peke yake, rangi imekwenda, nami inaniuma. Mkumbukeni Siavash, mwana wa mfalme katika Shahnameh, utenzi mkuu wa kale wa Wairani. Aliingia motoni kwa nguo nyeupe, juu ya farasi mweusi Shabrang, yaani rangi ya usiku (*rang* hiyo ndiyo rangi yetu hii hii). Moto haukumgusa. Baadaye aliuawa ugenini, Turan, na hadithi inasema damu yake ilipomwagika pakaota mmea. Nyeupe, nyeusi, nyekundu, mwisho kijani. Forugh hamtaji, lakini mimi siwezi kuusoma mwili unaoota udongoni nisimwone Siavash. Tena soma mbele: mbayuwayu watataga kwenye vishimo vya vidole vyake vyenye wino. Ni mkono wa mwandishi ule, mweusi kwa wino, ndio unaotoa kijani. Hiyo rangi usiitupe.

Mfasiri_Pangani
Shikamoo mama, na ahsante Jahazi. Leo asubuhi nilikuwa nachomeka pingili za muhogo. Za wiki iliyopita zimefungua macho: kijiti kikavu, cha kijivu, na ubavuni kijani kichanga cha kung'aa, hakijafika hata ukubwa wa kucha. Nikasimama pale na jembe mkononi. Sisi rangi hiyo tunaiita majani mabichi! Nimeandika hivi:

*Mikono yangu naipanda bustanini,*
*nitachipua majani mabichi, najua, najua, najua.*

Mbayuwayu nawaanza kesho.