Je, wasimamizi wa uwanja wa shabaha wavae bastola kiunoni mbele ya wateja?

Mkazi wa Raskazone (mwanzisha mada)

Assalaam alaykum, na habari za asubuhi kwa wote. Sisi ni wamiliki wa silaha kumi na mmoja wenye leseni, wakazi wa Tanga, na tunajiandaa kuomba kibali cha kufungua uwanja mdogo wa shabaha upande wa Pongwe, ambako mwenye leseni yeyote ataweza kuja kufanya mazoezi kwa ada. Rasimu ya kanuni zetu imekamilika isipokuwa kifungu kimoja ambacho kimetugawa kwa vikao vitatu mfululizo. Mwenzetu mmoja aliyewahi kuishi Marekani anasema kwamba katika viwanja kadhaa alivyovitembelea kule, wafanyakazi huvaa bastola zenye risasi kiunoni, wazi kabisa, kuanzia anayepokea fedha mlangoni hadi anayesimamia mstari wa kufyatulia, naye anataka nasi tufanye hivyo. Anasema uwanja wa shabaha ni mahali ambapo mtu usiyemjua tabia anashika silaha yenye risasi hatua mbili kutoka ulipo, hivyo si haki kumweka msimamizi pale mikono mitupu.

Mimi napinga, ila nakiri kwamba kila nikijaribu kueleza sababu zangu kikaoni naonekana kama mtu asiyewajali wafanyakazi. Naomba maoni ya waliowahi kusimama kwenye mstari, si ya waliosikia tu.

Mstaafu wa Korogwe

Waalaykum salaam, ndugu yangu. Kabla sijastaafu jeshini nilisimamia shabaha kwa miaka mingi, na nitakueleza nilichokiona kwa macho yangu. Hatari ya kila siku pale mstarini ni mwanafunzi mwema kabisa ambaye bunduki yake imegoma, naye anageuka mwili mzima kukuuliza, "Afande, mbona hailii?", huku kidole kikiwa bado kwenye kifyatulio na mtutu ukipita vifuani mwa wenzake wote. Hapo una chini ya sekunde moja, na unachotakiwa kufanya ni kuushika mkono wake au mtutu wenyewe na kuusukuma urudi upande wa tuta la udongo linalozuia risasi. Msimamizi aliyezoea kufikiria bastola yake kiunoni atapeleka mkono mahali pasipostahili. Zaidi ya hayo, anapoinama kumrekebisha aliyelala kifudifudi, bastola ile inakuwa usawa wa uso wa mwanafunzi na karibu na mkono wake.

Kumbukeni tukio la Arizona la Agosti 2014, ambapo mtoto wa miaka 9 alipewa bunduki aina ya Uzi ikiwa imewekwa kufyatua mfululizo, ikamshinda nguvu, ikapanda juu na kumuua mkufunzi aliyekuwa amesimama kando yake. Kilichokosekana pale ni uamuzi wa kutompa mtoto silaha ile. Silaha nyingine kiunoni mwa mkufunzi isingezuia lolote.

Jirani wa Kaole, Bagamoyo

Shikamoo mzee. Naheshimu uzoefu wako, lakini naona umezungumzia ajali peke yake, na mwenzetu wa Tanga ameuliza pia kuhusu mtu mwenye nia mbaya. Juni 2023 huko Gifu, Japani, kijana wa miaka 18 aliyekuwa katika mafunzo ya jeshi aliwafyatulia risasi askari waliokuwa wakisimamia mazoezi ya shabaha, wawili wakafariki na mmoja akajeruhiwa. Hiyo ni nchi ambayo raia hata kuiona bastola ni shida. Oktoba 2015 huko Busan, Korea Kusini, mtu aliingia katika uwanja wa shabaha wa ndani kama mteja wa kawaida, akamchoma kisu mwanamke aliyekuwa akiuendesha, akaondoka na bastola na risasi. Uwanja ni ghala la silaha lenye mlango ulio wazi kwa umma. Hapa kwetu utajengwa nje ya mji, kwa sababu za kelele na za usalama, na msaada hautafika kwa dakika mbili. Mimi sioni kosa kwa mfanyakazi aliyefunzwa na kupimwa kuwa na silaha yake, na ikiwa atakuwa nayo, basi ionekane. Silaha iliyofichwa chini ya shati uwanjani ni mbaya zaidi, kwa kuwa siku ya vurugu hakuna atakayejua nani ni nani.

Mstaafu wa Korogwe

Marahaba, mwanangu. Hoja yako ya kutoficha ninaikubali yote. Kuhusu mwenye nia mbaya, soma habari za Chris Kyle, yule mdunguaji wa zamani wa Jeshi la Majini la Marekani. Tarehe 2 Februari 2013 aliuawa pamoja na rafiki yake katika uwanja wa shabaha huko Texas, na aliyewaua ni mtu waliyempeleka wao wenyewe. Wote wawili walikuwa na bastola kiunoni, na zilikutwa bado ziko kwenye mikoba yao ya kiunoni. Ukitafuta mtu aliyejua kutumia silaha kuliko Kyle utatafuta sana. Uwanjani anayetaka kukuua tayari ameshika silaha iliyokokiwa, nawe umempa ruhusa ya kuishika, hivyo amekutangulia kabla hujajua kwamba kuna mashindano.

Mama Zainabu wa Ngamiani

Shikamooni wazee wangu, na salaam kwa wengine. Mimi ni mlinzi katika kampuni binafsi hapa Tanga na silaha ninaibeba kazini, kwa hiyo nitasema kile ninachokiishi. Bunduki inayoonekana inamtisha mwizi wa kuku, ila kwa anayeitafuta bunduki yenyewe, wewe uliyeibeba ndiwe unayewindwa. Watu wa Tanga hatujasahau mwanzoni mwa 2015, askari polisi walipoporwa bunduki katikati ya mji wetu, jambo lililofuatiwa Februari na mapambano ya mapango ya Amboni. Julai mwaka huohuo kituo cha Stakishari, Dar es Salaam, kilivamiwa, watu saba wakauawa na silaha zikachukuliwa. Wale walikuwa polisi wenye silaha mikononi. Mfanyakazi wa uwanja anayewapa wateja mgongo kutwa nzima, akibadilisha karatasi za shabaha na kuokota maganda, atailindaje ya kiunoni?

Nina jambo jingine ambalo linanigusa zaidi. Kanuni ya uwanja inafaa ikiwa mtu yeyote anaweza kuithibitisha kwa kutazama tu. Katika mashindano ya bastola ya IPSC, shirikisho lililoanzishwa mwaka 1976, mshiriki hutembea na bastola kiunoni ikiwa tupu, haruhusiwi kuigusa ila chini ya msimamizi au mahali palipotengwa, na akikiuka anaondolewa papo hapo. Katika mashindano ya ISSF, shirikisho la kimataifa la michezo ya shabaha, silaha iliyopumzishwa huwekwa kibendera cha rangi kali kwenye chemba, yaani pale risasi inapokaa tayari kufyatuliwa, ili hata aliye mbali aone kwamba haina kitu. Sasa sisi tukisema silaha zote ziwe tupu na chemba wazi, isipokuwa za wafanyakazi, mteja atazoea kuona silaha zenye risasi zikizunguka nyuma ya mstari na atakoma kushtuka. Nataka ashtuke. Nataka mtu yeyote akiona bastola iliyojaa nyuma ya mstari apige kelele "Simamisha!" bila kujiuliza kwanza kama ni ya mkubwa.

Jirani wa Kaole, Bagamoyo

Dada yangu, hilo la kushtuka sikuwa nimelifikiria, na limenitikisa. Ninabaki na moja tu: usiwaache watu wale bila mlinzi kabisa. Yule mama wa Busan hakuwa na mtu wa kumsaidia.

Mkazi wa Raskazone

Nawashukuru sana. Jana usiku nimekiandika kifungu upya, nami nakileta kwenu kabla ya kikao cha Jumamosi. Wasimamizi wa mstari, mpokeaji na mtunza stoo hawatabeba silaha yenye risasi wakiwa kazini. Asiwepo mfanyakazi wa peke yake uwanjani wakati wowote mlango ukiwa wazi. Risasi zitatolewa kwa kuhesabiwa mstarini na kurudishwa kwa kuhesabiwa. Na mlinzi mmoja mwenye silaha inayoonekana, aliyeajiriwa kwa kazi hiyo tu, atakaa nje ya lango na hatavuka kuingia eneo la kufyatulia. Mwenzetu wa Marekani amekisoma, akasema mlinzi akiwa mbali hivyo hatafika kwa wakati. Umbali kati ya lango na mstari katika kiwanja chetu ni hatua sitini.

Mstaafu wa Korogwe

Hatua sitini zinatosha. Ongeza filimbi shingoni mwa kila msimamizi, na mfanye zoezi la kusimamisha mstari kila asubuhi kabla ya mteja wa kwanza, hata siku ambayo amekuja mmoja tu.