Dawa za presha za mchanganyiko: kidonge kimoja au viwili, na ipi salama kwa mama mwenye sukari?

Binti Korogwe

Wakuu habari za jioni. Naomba tusaidiane kulinganisha, hasa wenye uzoefu na wataalamu mliomo humu.

Mama yangu ana miaka 63. Presha anayo muda mrefu na sukari imeanza kupanda. Alikuwa anatumia amlodipini ya miligramu 10 peke yake, lakini presha haitaki kushuka chini ya 160 kwa 95, na jioni miguu inavimba vifundoni mpaka kandambili zinaacha alama. Kliniki wamesema dawa moja haimtoshi. Kwa kuwa tunalipa mfukoni, daktari katutajia njia tatu, tukae kama familia tuone tutakayoimudu:

1. Amlodipini ya 5 na losatani ya 50, vidonge viwili mbalimbali.
2. Hizo hizo mbili ndani ya kidonge kimoja.
3. Losatani ya 50 na hidroklorothiazidi ya 12.5 (hii ya kukojosha, wengi wanaiita HCT) ndani ya kidonge kimoja, amlodipini iachwe kabisa.

Bei tutahangaika nayo. Kinachoninyima usingizi ni usalama. Mama anasumbuliwa na magoti, yakimzidi humtuma mjukuu dukani kumletea diklofenaki. Kwa mtu kama yeye, ipi ina hatari ndogo?

Mzizima77

Chukua namba 2 mkuu. Mzee wangu alikuwa na vidonge vya presha, vya sukari na vya mafuta, kila siku kimoja kinasahaulika. Walipomwekea viwili vya presha kwenye kidonge kimoja presha ikatulia, wala hakuongezewa dozi. Dawa anayoimeza kila siku ndiyo inayomtibu.

Mfamasia wa Dirishani

Dada Korogwe, mfikishie mama shikamoo yangu. Nitaandika kwa urefu maana swali lako lina mambo mengi.

Njia ya 1 na ya 2 ni dawa zile zile kwa kiasi kile kile. Mwilini hazina tofauti ya maana, tofauti iko kwenye kuzitumia. Mzizima77 yuko sahihi kwamba kidonge kimoja hakisahauliki kirahisi, na ndiyo maana mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliingiza vidonge vya aina hii kwenye orodha yake ya dawa muhimu, kisha mwongozo wake wa 2021 ukavipendekeza pale mgonjwa anapohitaji dawa zaidi ya moja. Lakini kina madhaifu yake. Kikikosekana dukani, umekosa dawa mbili kwa mpigo. Akipata madhara, ni vigumu kujua yametoka kwa ipi. Daktari akitaka kupunguza moja na kubakiza nyingine, hawezi. Kwa hiyo wengine huanza na viwili mbalimbali, dozi ikishatulia ndipo wanahamia kwenye kimoja. Huo ni utaratibu mzuri kwa mtu wa umri wa mama.

Namba 3 nitakuwa muwazi zaidi, siipendi kwa mama. Kwanza, kwa watu weusi amlodipini na dawa za kukojosha hushusha presha vizuri, wakati losatani na jamaa zake zikiwa peke yake huwa dhaifu kidogo. Kuna utafiti uitwao CREOLE uliochapishwa mwaka 2019, ulifanyika katika nchi 6 za Afrika zikiwemo Kenya na Uganda. Walilinganisha jozi tatu za dawa. Jozi mbili zenye amlodipini zilishusha presha kuliko jozi ya perindoprili na HCT isiyo na amlodipini. Perindoprili siyo losatani, lakini zote hufanya kazi kwenye njia moja ya mwili, hivyo sioni sababu ya kumwondolea mama amlodipini kabisa wakati anaweza kupunguziwa.

Pili, HCT inaweza kupandisha sukari kidogo na kushusha chumvichumvi za damu, hasa sodiamu kwa watu wazima. Na tatu ni hiyo diklofenaki. Losatani, dawa ya kukojosha na diklofenaki (au ibuprofeni) zikikutana ndani ya mtu mmoja, figo zinabanwa pande tatu. Losatani inalegeza mshipa unaotoa damu kwenye chujio la figo, diklofenaki inabana ule unaoingiza, na ya kukojosha imeshapunguza maji mwilini. Siku akiharisha tu au akitapika, figo zinaweza kugoma. Hata bila HCT, diklofenaki peke yake inapandisha presha na kuzipunguzia dawa nguvu. Inawezekana kabisa sehemu ya hiyo 160 imetoka dukani kwa mjukuu.

Kuhusu miguu: uvimbe wa amlodipini hautokani na maji kujaa mwilini, ni vimishipa kuvujia vifundoni, na huongezeka kadiri dozi inavyopanda. Ndiyo maana HCT haiusaidii sana. Kinachosaidia ni kushusha amlodipini kutoka 10 hadi 5 na kuongeza losatani, yaani hizo njia 1 na 2. Hata hivyo daktari ahakikishe kwanza kwamba moyo na figo ziko sawa, usiamini kila mguu uliovimba kuwa ni amlodipini.

Kisauni Pwani

Niko Mombasa. Mimi ni wa ile namba 3, nimeitumia kitambo, presha ilishuka vizuri tu. Lakini nilipata jongo, kidole gumba cha mguu kikawaka moto usiku, hata shuka sikuweza kulivumilia. Daktari akasema HCT hupandisha asidi ya yuriki, akanibadilishia. Na jambo jingine, kama wafanya kazi ya barabarani, meza asubuhi mapema ukiwa nyumbani. Mimi huendesha matatu, hiyo safari ya choo haingoji steji.

Mfamasia, nikuulize. Kwetu madafu ni kila siku. Nimesikia hayapatani na losatani?

Mfamasia wa Dirishani

Kaka Kisauni, swali zuri. Losatani hubakiza potasiamu mwilini, na madafu yana potasiamu nyingi. Mtu mwenye figo nzima akinywa dafu lake moja hana shida. Wasiwasi ni kwa mwenye figo dhaifu, au aliyeongezewa spironolaktoni (dawa nyingine ya kukojosha, nayo hubakiza potasiamu), au anayetumia ile chumvi mbadala ya "wagonjwa wa presha" ambayo nyingi zimetengenezwa kwa potasiamu. Potasiamu ikizidi, mapigo ya moyo yanavurugika bila dalili kubwa kutangulia. Kwa hiyo kila anayeanza losatani au jamii yake apime kreatinini (inayoonyesha figo zinavyofanya kazi) na potasiamu kabla ya kuanza, halafu apime tena wiki 1 hadi 4 baadaye, na kila dozi inapopandishwa. Ni kipimo cha damu cha kawaida. Wagonjwa wengi ninaowahudumia hawajawahi kukifanya, na jambo hilo linaniuma.

Na nikumbushie, HCT huifanya ngozi iumizwe zaidi na jua. Mwaka 2018 mamlaka ya dawa ya Ulaya ilitoa tahadhari kwamba matumizi ya miaka mingi yanaongeza hatari ya baadhi ya saratani za ngozi. Tahadhari ile iliwahusu zaidi watu weupe, lakini tuna ndugu zetu wenye ualbino. Kama una presha na una ualbino, mwambie daktari akuangalizie dawa nyingine kabla ya HCT.

Nesi Mama Wawili

Naongezea kwa ajili ya wadada mnaosoma, maana mama wa mleta mada ameshavuka huko. Losatani, telmisatani, lisinoprili, enalaprili na mchanganyiko wowote wenye mojawapo ya hizo, ujauzito hauzitaki. Zinaharibu figo za mtoto tumboni, na hatari kubwa ni kuanzia miezi mitatu ya pili. Tatizo la kidonge cha mchanganyiko ni kwamba dada anajua anameza "dawa ya presha", hajui ndani kuna nini. Ukipanga kushika mimba, au siku zako zimepita, nenda kliniki mapema wakubadilishie. Kuna metilidopa, nifedipini na labetaloli, hizo ndizo zimezoeleka kwa wajawazito. Usiache dawa kimyakimya ukabaki bila kitu, presha ya ujauzito inaua.

Kwa wazee ninaowapima, ninachogombana nacho ni kuanguka. Dawa mbili zikianza, mpime mama akiwa ameketi na ametulia dakika 5, kisha mpime tena akisimama, baada ya dakika 1 na baada ya dakika 3. Namba ya juu ikishuka 20 au zaidi, au ya chini 10 au zaidi, rudini kliniki. Usiku akiamka kwenda chooni aketi kwanza pembeni mwa kitanda, ndipo asimame.

Mti Dawa

Mnampakia mama kemikali nyingi. Choya, kitunguu saumu na mlonge vinashusha presha. Anzeni hivyo, vidonge baadaye.

Nesi Mama Wawili

Ndugu yangu Mti Dawa, choya inashusha presha kidogo, hilo sikatai. Lakini mwenye 160 kwa 95 na sukari juu yake haitamfikisha anapotakiwa kufika. Akinywa choya nyingi pamoja na dawa mbili, anaweza kushuka kupita kiasi. Atakachokunywa chochote akitaje kliniki, hakuna wa kumgombeza.

Binti Korogwe

Nimerudi wakuu, na jambo zito. Baada ya kusoma ya Mfamasia nilimpigia mdogo wangu aliye nyumbani nikamwambia akusanye kila dawa iliyomo chumbani kwa mama, aipange mezani na kunipigia picha. Kwenye kopo la siagi zimo amlodipini, diklofenaki, na karatasi ya lisinoprili ambayo hakuandikiwa. Alipewa na jirani ambaye "ilimsaidia". Anameza kidonge kimoja kila asubuhi tangu mfungo.

Na nikumbuke, mama ana kikohozi kikavu kisichoisha. Tulishampeleka kupima kifua kikuu, hana. Tukasema ni moshi wa kuni.

Mfamasia wa Dirishani

Dada, umefanya jambo kubwa kuliko kulinganisha vidonge. Kikohozi kikavu ndiyo alama maarufu ya lisinoprili na dawa zote zinazoishia na "-pril". Zikiachwa, kikohozi huisha ndani ya wiki chache, ingawa kwa wengine huchukua hadi miezi mitatu. Lakini kuna kubwa zaidi ya kikohozi: uvimbe wa ghafla wa midomo, ulimi au uso. Hutokea kwa wachache, ila kwa watu weusi hutokea zaidi. Ukiuona, ni hospitali saa hiyo hiyo, koo linaweza kuziba.

Kwa hiyo, dawa ya jirani ikome leo, na kesho daktari ajulishwe. Angeanzishiwa losatani huku akiendelea na lisinoprili, angekuwa anapigwa mara mbili mahali pamoja. Utafiti mkubwa uitwao ONTARGET, wa mwaka 2008, uliwapa watu ramiprili na telmisatani kwa pamoja. Hawakupata kinga ya ziada ya moyo, bali presha kushuka mno na figo kuharibika viliongezeka. Tangu hapo "-pril" na "-sartan" (jamii ya losatani na telmisatani) hatuzichanganyi.

Hili ndilo kosa ninaloliona sana watu wanapohamia kidonge cha mchanganyiko. Anapewa boksi jipya, na zile za zamani zimebaki kabatini. Anameza zote, presha inaanguka, anapata kizunguzungu, halafu anasema dawa mpya ni mbaya anaiacha. Siku ya kubadilisha dawa, za zamani zitoke chumbani.

Mwanamuscat

Niko Oman, nasoma kimya. Kwa kuwa umetaja mfungo: huku nilishauriwa na daktari kuhamishia kidonge changu chenye HCT kwenye futari badala ya daku, nisishinde na kiu ya dawa juu ya kiu ya swaumu kwenye joto hili. Mama akifunga, amwone daktari kabla mwezi haujaandama.

Binti Korogwe

Ahsanteni mno. Leo tumetoka kliniki. Lisinoprili imeachishwa, diklofenaki imepigwa marufuku, magoti apewe panadoli na mazoezi. Amepimwa damu, kreatinini iko sawa, potasiamu iko juu kidogo ndani ya kawaida. Ataanza amlodipini 5 na losatani 50, vidonge viwili mbalimbali, arudi baada ya wiki mbili wapime tena. Ikitulia watampa cha pamoja. Akiharisha au kutapika asimeze losatani mpaka atupigie simu kwanza, tumeandikiwa kwenye kadi.

Swali la mwisho kwa Mfamasia. Akishahamia cha pamoja, siku kikikosekana pale mjini nifanyeje?

Mfamasia wa Dirishani

Omba hizo mbili mbalimbali kwa dozi zile zile, zinapatikana hata maduka madogo. Usikubali "inayofanana nayo" kabla ya kusoma maandishi madogo chini ya jina kubwa, pale panapotajwa dawa zilizomo na miligramu zake. Herufi H mwishoni mwa jina la boksi mara nyingi maana yake ndani kuna HCT, na AM mara nyingi ni amlodipini. Mwandikie mama kikaratasi "amlodipini 5, losatani 50", akae nacho kwenye pochi, na mjukuu akitumwa aende nacho.