Uvundo kwenye AC ya gari: gesi imebadilishwa, harufu ipo palepale

Mkazi wa Shangani

Ndugu wanajukwaa, habari za kazi. Ninatumia Toyota Noah hapa Mtwara mjini, na mara kwa mara huenda nayo Lindi na Masasi. Kwa muda sasa, kila ninapowasha AC asubuhi, matundu ya dashibodi hutoa uvundo kama wa nguo zilizokunjwa kabla hazijakauka. Baada ya dakika chache harufu hupungua, kisha hurudi pale ninapozima baridi na kuacha feni peke yake. Fundi mmoja alisema gesi imechafuka, akaitoa na kujaza nyingine, lakini hali haikubadilika, ingawa baridi yenyewe haikuwa na tatizo tangu awali. Manukato ya kuning'iniza nayo yameongeza kero tu, kwa kuwa abiria sasa wananusa vitu viwili kwa pamoja. Naomba kufahamishwa chanzo chake, na nimwombe fundi afanye kazi gani hasa, ili nisiendelee kulipia yasiyohusika.

Fundi AC, Masasi

Pole, mkuu. Gesi haihusiki kabisa. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa na haikutani na hewa unayovuta. Ikipungua utakosa baridi, lakini hutapata uvundo.

Kinachonuka ni evapureta, yaani ile koili ya baridi iliyofichwa nyuma ya dashibodi. Hewa yenye mvuke inapoigusa, mvuke hugeuka matone ya maji, na kwa unyevu wa pwani yetu, hasa kuanzia mvua za Desemba hadi Aprili, maji hayo ni mengi. Yakichanganyika na vumbi lililonasa kwenye koili, ukungu na bakteria hupata makazi mazuri. Ndiyo maana harufu hurudi ukizima baridi: koili huanza kupata joto, maji yaliyobaki juu yake huvukiza, na feni inakuletea uvundo huo puani.

Kabla ya kumlipa mtu yeyote, egesha gari mahali pakavu, washa AC kwa dakika kumi hivi, kisha uchungulie chini. Kwa hali ya hewa ya Mtwara ni lazima maji yadondoke. Yasipodondoka, au zulia la upande wa abiria wa mbele likiwa na majimaji, bomba la kutolea maji limeziba, na hakuna dawa itakayofaa kitu mpaka lizibuliwe. Lizibuliwe kwa upole kutokea chini, kwa waya laini au upepo mdogo, kwa sababu upepo mkali wa kompresa unaweza kulichomoa bomba huko ndani.

Baada ya hapo itazamwe filta ya AC, ambayo kwa Toyota nyingi hukaa nyuma ya kile kisanduku kilicho mbele ya abiria. Kuipuliza hakutoshi ikishanuka, inunuliwe mpya. Kawaida filta hudumu takribani mwaka mmoja au kilomita 15,000, lakini gari linalopita vumbi la Newala na Tandahimba halifikii hapo. Baadhi ya magari yaliyotumika huletwa yakiwa na nafasi ya filta tu, filta yenyewe haimo, na mwenye gari hajui.

Ndipo koili isafishwe kwa dawa ya povu iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, ikiachwa kwa muda ulioandikwa kwenye kopo, kisha feni ipulize ikiwa na hita huku milango iko wazi. Kama Noah yako ina AC ya nyuma, sisitiza nayo isafishwe, maana ina koili na feni yake na mafundi wengi huisahau. Kushusha dashibodi nzima kuwe hatua ya mwisho kabisa, kwa sababu klipu zake zikishavunjika hutapata tena gari tulivu.

Mama Samaki, Lindi

Nakubaliana na fundi, ila naongeza jambo kwa sisi tunaobeba samaki. Ile swichi ya kuzungusha hewa ya ndani ikiwa imewashwa, feni huvuta hewa kutoka ndani ya gari na kuipitisha kwenye koili, kwa hiyo harufu ya maji ya samaki yaliyomwagika kwenye zulia hurudi kwako kupitia matundu ya AC. Viti na zulia vioshwe kwanza. Mimi pia huzima baridi dakika chache kabla ya kufika, nikaacha feni ivute hewa ya nje ili koili ikauke.

Mzee wa Mikindani

Ndugu zangu, si kila harufu ni uvundo. Ikiwa tamutamu na kioo cha mbele kinapata ukungu wenye mafuta, hiyo ni kulanti, yaani maji ya kupoozea injini, inayovuja kwenye rejeta ndogo ya hita. Ikiwa ya mzoga, pafunguliwe chini ya waipa na kwenye feni. Panya wa maghala ya korosho hupenda kujificha humo, na majani ya mwembe hujaa hapo na kuoza. Ikiwa ya petroli au moshi wa ekzosi, fungua vioo na usitumie gari mpaka litazamwe, kwa kuwa moshi huo una hewa ya sumu isiyo na harufu yake yenyewe.

Mkazi wa Shangani

Nawashukuru sana. Nimechungulia kama nilivyoelekezwa: chini hakuna tone, na zulia la abiria limelowa. Je, bomba likishazibuliwa, ninaweza kupuliza dawa ya klorini ya kufulia badala ya povu, ambalo huku ni vigumu kulipata?

Fundi AC, Masasi

Hapana, mkuu. Klorini hula alumini ya koili, na mvuke wake utauvuta wewe na abiria wako; ikikutana na siki ndiyo hatari zaidi. Ni afadhali uagize povu Dar es Salaam, lije na basi. Wakati unalisubiri, zulia liinuliwe lote, kwa sababu chini yake kuna sponji inayoshika maji hata pale juu panapoonekana pakavu. Itolewe na kuanikwa juani, na isirudishwe mpaka ukiiminya mkono ubaki mkavu.