Msimamizi wa mirathi anasema hesabu tutasomewa akifa yeye

Wanajukwaa, salamu nitazitoa siku nyingine, kwa kuwa nimetoka kwenye kikao cha ukoo sasa hivi na mikono bado inanitetemeka. Yule bwana mnayemjua, ambaye msibani alilia kuwashinda wafiwa wote hadi tukampendekeza awe msimamizi wa mirathi, leo ameulizwa kwa adabu hesabu ziko wapi, akaitazama saa ya marehemu aliyoivaa mkononi, akajibu: "Hesabu mtasomewa nikifa mimi."

Akifa yeye! Msimamizi hukusanya mali, hulipa gharama za mazishi na madeni, huwagawia warithi kilichobaki, kisha huwasilisha hesabu mahakamani. Huyu amekwama kwenye kukusanya, na anakusanya kwa bidii ambayo mchwa wangemwonea wivu. Kodi ya nyumba inaingia mfukoni mwake, na kila tukiuliza tunaambiwa jalada liko mahakamani, kana kwamba jalada ndilo linalopokea kodi. Hayo ningeyameza. Nisichoweza kumeza ni saa ambayo haimo kwenye orodha ya mali kuinuliwa mbele ya mjane, ndipo tuambiwe tutasomewa hesabu akifa yeye.

Mchangiaji wa kwanza: Pole sana. Akifa mtakuwa na mirathi mbili, na bila shaka mwanawe ataomba kuzisimamia zote.

Mchangiaji wa pili: Mleta uzi atuambie kwanza ni nani waliosaini kuridhia uteuzi wake. Mrithi anaweza kuiomba mahakama imwamuru msimamizi atoe hesabu, au itengue uteuzi wake. Maombi hayo hayapokelewi humu jukwaani.

Mleta uzi: Mmesoma alichosema lakini? Akifa yeye!

Mchangiaji wa tatu: Nyinyi mna bahati ya kugombania saa. Kwetu umesomwa wosia ambao shahidi wake ndiye aliyeachiwa nyumba, jambo ambalo sheria za nchi nyingi hulikataa, na shahidi huyo ndiye anayetuhimiza tuheshimu matakwa ya marehemu.

Mchangiaji wa nne: Afadhali mmefika kwenye wosia. Sisi jina la marehemu kwenye cheti cha kifo limepungua herufi moja, kwa hiyo benki haimtambui, na tunatakiwa kula kiapo kwamba marehemu ni yuleyule.

Mchangiaji wa tano: Ni herufi gani hiyo? Yetu ilikuwa H.

Mchangiaji wa nne: H hiyohiyo.