Re: Mwaka wa kwanza kompyuta sayansi, nazama jamani

Shikamooni kaka na dada zangu. Niko mwaka wa kwanza huku ughaibuni, nasoma kompyuta sayansi, hii ni wiki ya sita na kusema kweli nazama. Wenzangu wengi wameanza kuandika programu tangu sekondari, mimi laptopu yangu ya kwanza nimeipata mwezi mmoja kabla ya kuja. Kwenye lekcha naelewa, nikifika chumbani nikafungua asaimenti kichwa kinakuwa cheupe. Sasa hivi tuko kwenye kutafuta namba ndani ya orodha iliyopangwa, ile njia ya kugawa nusu nusu, programu yangu inazunguka tu haimalizi, nimekesha nayo siku mbili. Nianze kufikiria kubadili kozi?

---

Marahaba mdogo wangu. Usibadili kitu wiki ya sita. Mimi nilipitia hapo hapo, na nakuomba usiku wa leo ufanye kitu kimoja tu: funga laptopu, chukua karatasi na penseli, halafu wewe mwenyewe uwe kompyuta.

Andika orodha ndogo: 3, 8, 12, 19, 25, 31, 40. Nafasi zinahesabiwa kuanzia 0, kwa hiyo 3 iko nafasi ya 0 na 40 iko ya 6. Chora safu tatu, mwanzo, mwisho, katikati; mwanzo na mwisho ni mipaka ya sehemu unayoendelea kuitafuta. Tafuta 40. Mwanzo 0, mwisho 6, katikati 3, pale pana 19, ndogo, tunahamia kulia. Hapa ndipo nahisi umekosea kama nilivyokosea mimi: uliandika mwanzo iwe sawa na katikati, si ndio? Fuatilia basi. Mwanzo 3, katikati 4 (3 na 6 ni 9, gawa kwa 2, nusu inatupwa). Pana 25, ndogo. Mwanzo 4, katikati 5, pana 31, ndogo. Mwanzo 5, katikati... 5 tena. Mwanzo 5, katikati 5. Umeona? Imenasa hapo hapo na itabaki hapo mpaka kesho, maana ile nafasi umeshaikagua ila hujaitoa kwenye hesabu. Mwanzo inatakiwa iwe katikati jumlisha moja. Kosa hili ukiliangalia kwenye skrini unaweza kukesha nalo, kwenye karatasi linajitokeza mstari wa nne.

Na ukiwa na ile karatasi ndo utaelewa kwa nini wanaipenda hii njia. Kukagua moja moja kwenye orodha ya vitu 1,000,000 unaweza kugonga mara milioni moja, kugawa nusu ni kama mara 20 basi, na orodha ikiwa mara mbili ya hapo inaongezeka hatua moja tu. Mimi siku nilipoliona hilo kwa mkono wangu ndo nilianza kuipenda hii fani, kabla ya hapo nilikuwa nakariri.

Halafu hili la kudhani huna kichwa, liache. Mwaka 2006 Joshua Bloch aliandika kwamba programu ya njia hii hii aliyoiandika yeye mwenyewe kwenye maktaba ya Java, yaani mkusanyiko wa programu zilizo tayari za lugha hiyo ya kompyuta, ilikuwa na kosa lililokaa karibu miaka tisa. Alijumlisha mwanzo na mwisho kisha akagawa kwa 2, sasa orodha ikiwa kubwa sana ile jumla inapita 2,147,483,647 ambayo ndiyo mwisho wa namba nzima ya biti 32 (inayoandikwa kwa tarakimu 32 za 0 na 1), inageuka kuwa hasi. Dawa yake ni kuchukua mwanzo ukajumlisha nusu ya tofauti kati ya mwisho na mwanzo. Mtaalamu wa kiwango kile, kwenye mistari isiyofika ishirini. Wewe una wiki sita.

---

Naongezea kidogo kwenye aliyosema kaka hapo juu. Mdogo wangu, sehemu kubwa ya shida yangu mwaka wa kwanza ilikuwa lugha, na nilichelewa sana kujua. Maneno ya lekcha ni yale yale ya kawaida ila yamepewa kazi nyingine, unasikia "sakafu" kumbe maana yake ni kushusha namba mpaka namba nzima ya chini, 3.5 inakuwa 3, unasikia "mti" kumbe mzizi wake uko juu na majani yako chini, unasikia "lundo" wiki hii ni sehemu ya memori, baada ya wiki tatu ni aina ya mti. Nilikuwa naitikia tu darasani. Kilichonisaidia ni kumpigia mdogo wangu wa kike simu kila Jumapili namweleza somo la wiki kwa Kiswahili, yeye hajui kompyuta kabisa, akiniuliza "sasa kwa nini?" nikakosa jibu najua pale sijaelewa, na Jumatatu naenda kwa lekchara kwenye yale masaa anayopokea wanafunzi. Nenda tu, hata kama swali unaliona la kitoto.

Na akili mnemba usiipe asaimenti ikuandikie. Andika yako kwanza, ikikwama iulize mstari fulani unafanya nini. Mtihani ni karatasi, utakuwa peke yako.

---

Asanteni sana, nimetulia. Kaka ulijuaje, niliandika hivyo hivyo, mwanzo sawa na katikati! Nimerekebisha, haizunguki tena, 31 inapatikana ila 40 inasema haipo, na orodha yenye namba moja tu haiingii kabisa kwenye lupu, ile sehemu ya programu inayojirudia.

---

Hapo unakaribia sana mdogo wangu. Rudi kwenye karatasi, mwanzo ikifika 6 na mwisho ni 6, sharti la lupu yako linasema nini? Umeandika mwanzo iwe ndogo kuliko mwisho, au ndogo kuliko au sawa?

---

Ndogo kuliko. Ahaaa. Ngoja.