Tupeane uzoefu: Jiji na mji mdogo, wapi umeona damu zaidi?

Mzee wa Stendi (mleta mada)
Wakuu, habari za jioni. Nimekulia Mbagala, Dar, kisha nikapata ajira Ushirombo, mkoa wa Geita. Majirani walinipongeza: sasa utalala mlango wazi! Na walikuwa na haki. Pale Rangi Tatu, Mbagala, nimekwapuliwa simu nikiwa nimekaa dirishani kwenye daladala, na mdogo wangu alipigwa roba usiku, yaani alikabwa shingo, akaachiwa boksa tu.

Ila Mbagala mtu wa kuuawa kwa panga nilimsikia redioni. Ushirombo nilianza kuzika watu niliokuwa nasalimiana nao. Bibi aliyekuwa akituuzia karanga karibu na kazini aliuawa usiku, kesho yake maneno ya mtaani ni kwamba alikuwa na macho mekundu, yaani mchawi. Mtu kapulizia moto wa kuni na kinyesi cha ng'ombe maisha yake yote, macho yawe meupe kwa lipi? Baadaye kidogo ikaanza minong'ono ya shamba aliloachiwa na marehemu mumewe. Hapo ndipo nilipoelewa.

Ndiyo maana nikisikia "Dar inaongoza kwa uhalifu" nauliza, kwa hesabu gani? Sensa ya 2022 iliikuta Dar ikiwa na watu 5,383,728. Chukua mfano wa mji wa watu 40,000. Wakiuawa wawili kwa mwaka, hiyo ni 5 kwa kila watu 100,000. Dar kufikia kiwango hicho lazima wauawe kama 269. Wale wawili wanazikwa kimyakimya, ila hao 269 wangetikisa nchi.

Leteni ya kwenu. Siasa tuziweke pembeni.

Nesi wa Zamu
Mleta mada umenigusa. Nilifanya kazi kituo cha afya huko huko Kanda ya Ziwa. Siku ya mnada hakuna aliyethubutu kuomba ruhusa. Ng'ombe wameuzwa, hela ipo mfukoni, pombe ya kienyeji inanyweka tangu saa sita, ikifika jioni madeni na wivu wa zamani vyote vinafufuka.

Majeraha yenyewe unayazoea. Mengi yapo mkono wa kushoto, kati ya kiwiko na kiganja, kwa sababu mtu anakinga kichwa. Mgonjwa analetwa na ndugu zake, wote kauli moja: kaangukia jembe. Jembe gani hilo linalokata mara tatu, mistari sambamba? Dharura tunaihudumia kwanza, kisha tunawaambia wakalete PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi. Mmoja anaaga kwamba anakwenda kituoni. Huo ndio mwisho wa kumwona. Ukiuliza baada ya wiki unaambiwa wazee wamekaa, ng'ombe wametoka, yameisha.

Sasa hilo nalo lipo kwenye takwimu za polisi? Halipo. Kwa hiyo mkuu, hata hesabu yako ya mji mdogo huenda ni ndogo kuliko hali halisi. Kidogo maiti ndiyo ngumu kuificha, mtu akifa watajua wengi.

Chanika Mwisho
Na mimi niulize, Dar ipi? Ya Masaki au yetu? Mwaka 2022 Panya Road walipotusumbua tulikuwa tunalala na nguo. Vijana wadogo kabisa, wanaingia kundi zima na mapanga, nyumba hadi nyumba. Kwa jirani yangu walibeba televisheni, mtungi wa gesi na simu zote, na baba mwenye nyumba wakamchana begani ingawa alikuwa ameshakaa chini kama walivyomwamuru. Yule hakuwa na ugomvi na mtu! Msituambie jiji linaiba tu haliumizi. Tulichanga hela ya ulinzi shirikishi, tukanunua filimbi na tochi. Kwa wenye kuta na walinzi sijasikia mtu akichangishwa.

Mzee wa Stendi
@Chanika Mwisho hapo nakubali, pole sana ndugu yangu. Wastani wa jiji zima unawafunika watu wa pembezoni.

Mkisii wa Umoja
Huku Nairobi ni ngeta, wenzetu Wabongo mnaita roba. Ukipita River Road saa tatu usiku na simu mkononi, umejitakia. Lakini mama yangu yuko Kisii na ndiye ananinyima usingizi. Oktoba 2021 kule Marani kina mama wazee wanne waliuawa wakidaiwa kuwa wachawi. Mama ni mjane, ana shamba la chai, na watoto wote tuko mbali. Nilimwomba aje tukae naye Umoja akakataa, eti Nairobi kuna wezi.

Mnyalukolo
Njombe mjini, mapema 2019. Mji wa baridi, watu na parachichi zao, halafu watoto wakaanza kupotea na kuokotwa wamekufa. Imani za kishirikina zikatajwa. Kabla ya hapo mtoto wa miaka sita alikuwa anatumwa dukani jioni. Ghafla tukawa tunawasindikiza shule asubuhi na kuwafuata mchana, na mgeni akimsalimia mtoto barabarani anazingirwa. Nilishuhudia fundi wa watu, katoka Makambako kutafuta kazi, akinusurika kuuawa kwa kumuuliza mtoto njia. Aliokolewa na mama ntilie aliyepiga kelele kwamba anamfahamu. Wananchi wenye hasira kali wangemmaliza.

Bwashee wa Unguja
Huku bado tunaibiana kuku.

Nesi wa Zamu
@Mkisii wa Umoja usimwache mama peke yake. Akikataa kuhama, mtafutie kijana wa ukoo mnayemwamini alale pale, na hati ya shamba aitoe nyumbani, uitunze wewe. Kama hati bado ina jina la marehemu, anzeni mirathi sasa, na majirani wote wajue mmeanza.

Mkisii wa Umoja
Asante dada. Bado ina jina la baba. Nashuka Jumamosi.